Jinsi ya Kukokotoa Wastani, na Mahali Hesabu Zinapoharibika

Wastani ni jumla iliyogawanywa sawa kwa sawa. Unakusanya kila kilichopo, unakigawa upya ili kila mmoja apate kiasi kilekile, na kiasi hicho ndicho wastani. Kwa hiyo kila wastani unasimama juu ya mambo mawili: jumla, na idadi uliyoigawia. Ukiona wastani una walakini, anza kuchunguza hapo. Hii ni jumla ya nini? Imegawanywa kwa idadi ya nini? Maswali hayo mawili yatakufikisha mbali, kuanzia namba saba zilizoandikwa kwenye karatasi hadi majedwali ya vikundi, uzito wa mitihani na mwendo wa magari.

Hesabu ya msingi

Tuseme mtu ameandika dakika alizotumia njiani kwenda kazini kwa siku saba:

34, 29, 31, 40, 29, 33, 35

Kwanza hesabu ziko namba ngapi, uandike pembeni: 7. Fanya hivyo kabla ya kujumlisha, maana ukishazama kwenye kujumlisha ni rahisi kuruka namba moja bila kujua. Angalia pia kwamba 29 imetokea mara mbili, basi inahesabiwa mara mbili. Wanaoanza hupenda kuifuta moja, wakidhani imeandikwa kwa bahati mbaya.

Kisha jumlisha: 34 + 29 + 31 + 40 + 29 + 33 + 35 = 231.

Mwisho gawanya: 231 ÷ 7 = 33. Wastani ni dakika 33.

Jibu likishapatikana, lipime kwa njia mbili. Ya kwanza unaifanya kwa macho tu: wastani hauwezi kuwa chini ya namba ndogo kabisa wala juu ya namba kubwa kabisa. Hapa mipaka ni 29 na 40. Ukipata 28.9 umegawa kwa 8, ukipata 46.2 umegawa kwa 5. Njia ya pili ni ya uhakika zaidi. Toa wastani kwenye kila namba, uandike tofauti na alama yake: +1, −4, −2, +7, −4, 0, +2. Zilizo chanya zinafika 10, zilizo hasi zinafika 10, zikijumlishwa zinabaki sufuri. Lazima iwe sufuri kila mara (labda ipungue au izidi chembe kama ulikata desimali). Ikiwa si sufuri, kuna kosa mahali.

Kwenye kikokotoo kuna mtego mmoja wa kila siku. Ukiandika 34 + 29 + 31 ÷ 3 kwenye kikokotoo cha kisayansi, kitagawanya 31 peke yake kwanza, kisha kijumlishe, na utapata 73.3. Jibu sahihi ni 94 ÷ 3, yaani 31.3. Bonyeza alama ya sawasawa kabla ya kugawanya, au fungia jumla yote ndani ya mabano.

Njia ya mkato kwa namba kubwa

Namba zikiwa kubwa na zinakaribiana, usihangaike kuzijumlisha zote. Chagua namba yoyote ya duara iliyo karibu nazo, kwa mfano 30 kwa zile dakika zetu. Andika kila namba imeizidi au imepungukiwa kiasi gani: 4, −1, 1, 10, −1, 3, 5. Jumla yake ni 21. Gawanya kwa 7 upate 3, kisha urudishe 30 uliyoanza nayo: 30 + 3 = 33. Ungechagua 35 au hata 100, jibu lingekuwa lilelile. Kinachobadilika ni wepesi wa kazi tu. Njia hii inafaa sana kwa vipimo kama 1,204, 1,198 na 1,211, kwa sababu kazi inabaki kuwa ya namba 4, −2 na 11, ambayo kichwa kinaimudu.

Saa na dakika zina sheria zake

Muda hauendi kwa makumi. Safari moja imechukua saa 1 na dakika 40, nyingine saa 2 na dakika 10. Mtu akiandika 1.40 na 2.10 kwenye kikokotoo anapata 1.75, halafu anabaki anashangaa dakika 75 zimetoka wapi. Geuza kila kitu kuwa dakika kwanza: 100 na 130, jumla 230, nusu yake 115, yaani saa 1 na dakika 55.

Nyakati za saa ukutani ni ngumu zaidi, kwa sababu saa inazunguka na kuanza upya. Mtu amefika siku moja saa 12:50 asubuhi, na siku ya pili saa 1:10 asubuhi. Ukijumlisha hivyohivyo na kugawa kwa mbili unapata saa 7:00, ilhali kila mtu anaona jibu ni saa 1 kamili. Dawa yake ni kuendeleza hesabu badala ya kuanza upya: iite ile saa 1:10 kuwa 13:10. Sasa 12:50 na 13:10 zinakupa 13:00, ambayo ndiyo saa 1. Anayetumia saa za kuanzia usiku wa manane atakutana na shida hiyohiyo kati ya 23:50 na 00:10. Nyuzi za dira nazo ni vilevile: wastani wa 350 na 10 ni kaskazini, nyuzi 0, wala si 180 iliyo kusini kabisa.

Sufuri si sawa na pengo

Mwanafunzi ana alama 60, 70, 80 na nafasi moja iliyo wazi. Wastani wake ni 210 ÷ 3 = 70, au ni 210 ÷ 4 = 52.5? Hesabu haiwezi kukujibu. Inategemea ile nafasi inamaanisha nini. Kama alifanya jaribio akakosa yote, ni sufuri, na unagawa kwa 4. Kama jaribio halijafanyika, hakuna kipimo, na unagawa kwa 3. Kama alitoroka, kuna kanuni ya shule ya kuamua, na kanuni hiyo iandikwe kabla ya kuanza kujaza jedwali. Tofauti ya alama 17.5 imetokana na kigawanyo peke yake, jumla haikuguswa.

Kwa hiyo unapokusanya data, usiache nafasi tupu ikiwa na maana mbili. Andika 0 kwa sufuri halisi, na weka alama nyingine, kama kistari, kwa kipimo kilichokosekana.

Kurudi nyuma kutoka kwenye wastani

Maswali mengi ya mitihani, na mengi ya maisha, yanakupa wastani na kukuuliza kitu kingine. Ufunguo ni mmoja: zidisha wastani kwa idadi ili upate jumla, kisha fanya kazi na jumla.

Wastani wa majaribio matano ni 36. La sita liwe na alama ngapi ili wastani ufike 38? Jumla ya sasa ni 36 × 5 = 180. Jumla inayotakiwa ni 38 × 6 = 228. Tofauti ni 48, hilo ndilo jibu. Wengi hujibu 40, kwa hoja kwamba 36 na 40 wastani wake ni 38. Wamesahau kwamba upande mmoja una majaribio matano na upande wa pili una moja tu.

Kusahihisha kosa pia ni rahisi kwa njia hii. Wastani wa namba 20 ni 42, halafu unagundua 35 iliandikwa 53. Jumla imezidi kwa 18, basi wastani umezidi kwa 18 ÷ 20 = 0.9. Wastani sahihi ni 41.1. Huna haja ya kurudia kujumlisha namba zote ishirini.

Mediani, na kwa nini wastani wakati mwingine hausemi kweli

Mediani ni namba iliyo katikati baada ya kuzipanga zote kwa mfuatano. Neno la kushika hapo ni *kuzipanga*. Kosa linaloongoza kwenye mediani ni kuchukua namba ya katikati jinsi orodha ilivyoandikwa. Kwenye dakika zetu ungechukua 40, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote!

Zikipangwa: 29, 29, 31, 33, 34, 35, 40. Nafasi ya mediani ni (idadi + 1) ÷ 2, yaani (7 + 1) ÷ 2 = 4. Namba ya nne ni 33. Angalia kwamba 4 ni nafasi, si jibu.

Sasa ongeza siku ya nane ambayo barabara ilifungwa na safari ikachukua dakika 97. Jumla inakuwa 328, na wastani 328 ÷ 8 = 41. Itazame vizuri hiyo 41. Siku saba kati ya nane zilikuwa na dakika 40 au pungufu. Yaani wastani huu unazidi karibu kila safari aliyofanya mtu huyu, na wala haukaribii ile safari moja mbaya. Hesabu haina kosa hata moja, lakini ukimwambia mgeni "kwa kawaida ni dakika 41" utakuwa umempotosha.

Mediani inasemaje? Namba sasa ni nane, idadi shufwa, kwa hiyo hakuna moja iliyo katikati peke yake. Nafasi ni (8 + 1) ÷ 2 = 4.5, maana yake uchukue namba ya nne na ya tano, 33 na 34, utafute wastani wao: 33.5. Siku mbaya imeisogeza mediani nusu dakika, wakati wastani umeruka dakika nane nzima. Hata ile 97 ingekuwa 970, mediani ingebaki palepale, kwa sababu yenyewe inajali nafasi, haijali ukubwa.

Ndiyo maana mapato, bei za nyumba na muda wa kusubiri huduma huelezwa vizuri zaidi kwa mediani: wachache walio juu sana huuvuta wastani kwao. Lakini usiitupe wastani kwa sababu hiyo. Kama mtu analipia mafuta kwa kila dakika ya safari na anataka kupanga bajeti, anahitaji 41, maana 41 × 8 inarudisha jumla ya dakika alizotumia kweli. Mediani haina uwezo huo. Unapotaka kujua jumla, tumia wastani. Unapotaka kujua hali ya mtu wa kawaida au siku ya kawaida, tumia mediani.

Kuna hali ambapo vyote viwili havifai. Chukua watu kumi katika jamii yenye vifo vingi vya utotoni: wanne wamefariki wakiwa na mwaka 1, sita wakiwa na miaka 65. Jumla ni 4 + 390 = 394, wastani ni miaka 39.4. Hakuna hata mmoja aliyefariki karibu na umri huo. Kusoma takwimu kama hii na kudhani kwamba watu walikuwa wazee wakifika miaka 39 ni kosa linalorudiwa sana wanapozungumziwa watu wa kale. Data zenye vilele viwili, yaani zilizojikusanya sehemu mbili zilizo mbalimbali, zigawe makundi mawili, kila moja ielezwe peke yake.

Modi

Modi ni thamani inayotokea mara nyingi zaidi. Kwa dakika zetu ni 29. Inaweza isiwepo (kila namba imetokea mara moja), zinaweza zikawa mbili au zaidi. Faida yake kubwa ni kwamba inafanya kazi hata kwa vitu visivyo namba: rangi, saizi ya viatu ya kuagiza kwa wingi, sababu ya malalamiko. Kwa data ndogo za vipimo, modi mara nyingi ni bahati tu, kama hiyo 29 iliyo pia namba ndogo kuliko zote.

Jedwali la marudio

Familia 30 zimeulizwa zina watoto wangapi:

| Watoto | Familia | Watoto × familia |
|---|---|---|
| 0 | 3 | 0 |
| 1 | 6 | 6 |
| 2 | 9 | 18 |
| 3 | 7 | 21 |
| 4 | 4 | 16 |
| 5 | 1 | 5 |
| Jumla | 30 | 66 |

Safu ya tatu ndiyo kazi yenyewe: familia 9 zenye watoto wawiliwawili zina watoto 18. Jumla ya watoto wote ni 66, familia ni 30, wastani ni 66 ÷ 30 = 2.2. Usigawe kwa 6 kwa sababu jedwali lina mistari sita. Ungepata 11, na hakuna familia yenye watoto 11. Kosa baya zaidi ni kujumlisha 0 + 1 + 2 + 3 + 4 + 5 na kugawa kwa 6, kwa kuwa 2.5 inafanana na jibu la kweli na hupita bila kushtukiwa. Na usiiache mistari ya sufuri: familia tatu zisizo na watoto haziongezi jumla, lakini zimo kwenye 30.

Mediani: nafasi za 15 na 16. Limbikiza familia kutoka juu: 3, 9, 18. Ya kumi hadi ya kumi na nane zote zina watoto 2, kwa hiyo mediani ni 2. Modi ni 2 pia, wala si 9. Hiyo 9 ni idadi ya familia.

Data za vikundi

Hapa namba halisi zimeshapotea, umebakiwa na vikundi tu, kwa hiyo kila jibu ni makadirio. Alama za watu 40:

| Alama | Watu | Kati ya kundi | Kati × watu |
|---|---|---|---|
| 30–39 | 4 | 34.5 | 138 |
| 40–49 | 9 | 44.5 | 400.5 |
| 50–59 | 14 | 54.5 | 763 |
| 60–69 | 8 | 64.5 | 516 |
| 70–79 | 5 | 74.5 | 372.5 |
| Jumla | 40 | | 2,190 |

Kati ya kundi ni (30 + 39) ÷ 2 = 34.5, na kuendelea. Tunachukulia kwamba walio ndani ya kundi wametawanyika kuizunguka namba hiyo. Wastani ni 2,190 ÷ 40 = 54.75.

Mediani inahitaji hatua chache zaidi. Nusu ya 40 ni 20. Ukilimbikiza unapata 4, 13, 27, kwa hiyo mtu wa ishirini yumo kwenye kundi la 50–59. Kabla ya kundi hilo wamepita 13, tunahitaji 7 zaidi kati ya 14 waliomo. Yaani tunaingia ndani ya kundi kwa 7/14 ya upana wake. Upana ni 10, basi tunasogea 5. Tunaanzia wapi? Hapa ndipo wengi huangukia. Mpaka halisi wa kundi ni 49.5, katikati ya 49 na 50, si 50. Mediani ni 49.5 + 5 = 54.5. Upana nao ni 59.5 − 49.5 = 10; ukitoa 50 kwenye 59 utapata 9, na jibu litapinda.

Umri hauendi hivyo. Mtu mwenye miaka 29 na miezi kumi na moja bado anasema ana miaka 29, kwa hiyo kundi la umri 20–29 linaanzia 20 kamili na kuishia karibu kabisa na 30. Kati yake ni 25, si 24.5. Ukisahau, wastani wako wa umri utapungua nusu mwaka kwa kila mtu.

Na kundi la mwisho likiwa "80 na zaidi"? Halina mwisho, basi halina kati. Ama ujue kikomo chake kutoka kwa aliyekusanya data, ama utoe mediani badala ya wastani. Kubuni namba ya kati ili jedwali likamilike ni kubuni wastani.

Uzito, na wastani wa wastani

Kozi ina jaribio la kwanza lenye uzito wa asilimia 15, la pili 25, na mtihani wa mwisho 60. Mwanafunzi amepata 80, 70 na 55. Zidisha kila alama kwa uzito wake: 12 + 17.5 + 33 = 62.5. Wastani wa kawaida ungekuwa 68.3, na ungempa matumaini hewa.

Uzito usipofika 100, gawanya kwa jumla ya uzito uliopo. Kabla ya mtihani wa mwisho huyu ana 12 + 17.5 = 29.5 kwa uzito wa 40, kwa hiyo amesimama kwenye 29.5 ÷ 0.40 = 73.75.

Kujumlisha wastani mbili na kugawa kwa mbili ni kosa la kigawanyo lililovaa nguo nyingine. Darasa moja lina wanafunzi 20 na wastani wa 72. Lingine lina 60 na wastani wa 52. Wastani wa wote si 62. Rudi kwenye jumla: 20 × 72 = 1,440 na 60 × 52 = 3,120, pamoja 4,560, gawanya kwa 80 upate 57. Darasa kubwa linavuta zaidi, kama inavyostahili. Mkato wa nusu kwa nusu unakubalika tu makundi yakiwa na idadi sawa.

Ukubwa wa makundi ukitofautiana sana, mambo yanaweza hata kugeuka juu chini. Mwaka 1986 ulichapishwa Uingereza utafiti wa matibabu ya mawe ya figo. Kwa mawe madogo, upasuaji wa wazi ulifanikiwa kwa wagonjwa 81 kati ya 87 (asilimia 93), na njia ya kutoa mawe kupitia tundu dogo kwa 234 kati ya 270 (asilimia 87). Kwa mawe makubwa, upasuaji ulifanikiwa kwa 192 kati ya 263 (asilimia 73), tundu dogo kwa 55 kati ya 80 (asilimia 69). Upasuaji umeshinda kotekote. Sasa changanya: upasuaji 273 kati ya 350, asilimia 78, tundu dogo 289 kati ya 350, asilimia 83. Umeshindwa! Sababu iko kwenye vigawanyo: upasuaji ulipewa wagonjwa 263 wenye mawe makubwa, ambao ni wagumu kutibu, wakati njia ya pili ilipewa 80 tu. Hali hii huitwa kitendawili cha Simpson, kwa jina la mwanatakwimu Edward Simpson aliyeieleza mwaka 1951. Unapolinganisha wastani wa makundi mawili, uliza kila mara ndani yake kuna nani na wako wangapi.

Mwendo na ongezeko

Gari linakwenda kilomita 120 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, linarudi njia ileile kwa 40. Wastani wa mwendo si 50. Mwendo ni umbali kugawanywa kwa muda, basi tafuta jumla ya kila kimoja: kilomita 240, saa 2 za kwenda na saa 3 za kurudi, 240 ÷ 5 = 48. Gari limetumia muda mrefu zaidi kwenye mwendo mdogo, ndiyo maana jibu linashuka. Lingetembea saa mbili kwa 60 na saa mbili nyingine kwa 40, hapo 50 ingekuwa sahihi.

Asilimia za ongezeko zinazidishana, hazijumlishwi. Kitu kikipanda kwa asilimia 50 kisha kikashuka kwa asilimia 50, wastani wa kawaida ni sufuri, lakini 100 imekuwa 150, kisha 75. Geuza kila badiliko kuwa kizidisho: 1.5 na 0.5. Zizidishe: 0.75. Vipindi ni viwili, chukua kipeuo cha pili: takriban 0.866. Kwa hiyo kila kipindi kimepunguza takriban asilimia 13.4. Vipindi vikiwa vitatu, chukua kipeuo cha tatu, na kuendelea.

Kwenye kompyuta

Katika programu za majedwali kama Excel, =AVERAGE(A1:A8) inaruka visanduku vitupu na maandishi, lakini inahesabu sufuri. Hiyo ndiyo tabia unayoitaka mara nyingi, mradi umetofautisha sufuri na pengo kama tulivyosema. Hatari ni namba iliyohifadhiwa kama maandishi, kwa mfano iliyobandikwa ikiwa na herufi ya kipimo ("35kg") au mkato mahali programu inategemea nukta. Inarukwa kimyakimya, na wastani unatoka bila onyo lolote. Linganisha =COUNT(A1:A8) na idadi unayoijua; zikitofautiana, kuna namba ambazo hazijasomwa.

=MEDIAN inapanga namba yenyewe. =MODE hutoa alama ya kosa #N/A kama hakuna thamani iliyojirudia, na modi zikiwa mbili inakuonyesha moja tu. Kwa wastani wenye uzito, weka alama safu A na uzito safu B, kisha =SUMPRODUCT(A1:A3,B1:B3)/SUM(B1:B3); sehemu ya baada ya mkwaju (/) inakulinda pale uzito usipofika 100.

Usipunguze desimali katikati ya hesabu. Zipunguze kwenye jibu la mwisho tu. Kama vipimo vilikuwa namba nzima, desimali moja au mbili kwenye wastani zinatosha, na 2.2 ya watoto iache hivyohivyo badala ya kuifanya 2, maana kwa familia 30 ungekuwa umefuta watoto sita. Pembeni ya wastani andika idadi ya vipimo na thamani ndogo na kubwa kabisa: 48, 50, 52 wana wastani wa 50, na 5, 50, 95 nao wana 50, na anayesoma ripoti yako hana njia nyingine ya kuwatofautisha.